Mzee Wendelin na Ratili Sita za Tadei

Tarehe 30 Juni 1959, Mzee Wendelin Teofili, dresa wetu, yaani mwuguzi wa vidonda na sindano, anavua koti jeupe baada ya miaka ishirini na minane katika zahanati hii ya misheni, bonde la Kilombero. Nimeambiwa nimwandike mimi, Brigita, kwa kuwa ndimi ninayechemsha sindano zake.

Alikuja kwa miguu kutoka Chita mwaka 1931, akaanza kwa kufunga vidonda. Vita vilipokwisha na penisilini ikatufikia, yeye ndiye aliyefundishwa kuichanganya. Masika, mto ukifurika, alivuka kwa mtumbwi, sanduku la dawa kichwani na viatu shingoni; akifika ng'ambo anavivaa kwanza, ndipo asalimie watu. Akina mama waliogawiana vidonge aliwaambia, "Dawa si chumvi ya kuombana mlangoni."

Lakini kazi yake kubwa ni vichanga. Zamani walipewa dawa kwa kukisia, kipande cha ile ya mtu mzima. Daktari wa misheni alipoleta jedwali la dawa kwa uzito, Mzee aliazima mizani ya dukani. Bibi zetu wakagoma: mtoto ambaye kitovu hakijadondoka havuliwi nguo mbele za watu. Basi akawapima watoto wakiwa wamefungwa kanga, kisha bibi anamfungua mtoto nyuma ya pazia, analeta zile nguo nazo zipimwe, Mzee anatoa uzito wake kwenye ule wa kwanza.

Masika ya 1957 kitovu cha mwanangu Tadei kilitunga usaha siku ya sita. Homa ikapanda, akaacha kunyonya. Alihitaji penisilini na streptomisini, na hii ya pili ikipungua haiponyi, ikizidi huua masikio. Mizani ilisema ratili kumi na moja, nguo ratili mbili. Mzee akavuta dawa ya ratili tisa. Aliposhika paja la mtoto, mkono ukasimama.

Akamgeukia mama mkwe wangu. "Bibi Natalia, huyu mjukuu amekula nini?"

"Maziwa ya mama yake tu, tena ameyaacha."

"Paja hili si la ratili tisa, Bibi."

Mama mkwe akatoa kwenye kanga yake kipande cha jembe kuukuu. Alikuwa amemfunga nacho mtoto tumboni, akakichomoa nyuma ya pazia bila kukileta mizanini pamoja na nguo. "Ni cha kumlinda," alisema.

"Kimlinde. Ila jembe halina homa, silichomi sindano."

Hakulitupa. Aliliweka kando ya mto wa mtoto, akampima upya: ratili sita. Akamwaga dawa yote, akavuta nyingine. Mpaka leo nastaajabu jinsi alivyosita, maana foleni ilifika nje na hesabu ya karatasi ilikuwa sahihi. Tangu siku ile humwuliza kila bibi kwanza kama kuna chuma, naye humwonyesha bila aibu.

Siku ya tatu Tadei alinyonya. Lakini mimi sikutulia, nikihofia masikio yake. Miezi minne baadaye Mzee alisimama nyuma ya mtoto akagonga kopo. Tadei akashtuka, akageuza kichwa. Nikaketi chini pale pale. Mzee akagonga tena, alitaka uhakika.

Ahsante, Mzee wetu. Nenda Chita ukapumzike, uwe na afya na miaka mingi, na usingizi usiokatizwa na mtu. Wako watoto wengi bondeni wasiojua jina lako, lakini wakiitwa na mama zao, wanaitika.