Nyanya za Doha

Treni ya jioni ilipoondoka mjini, Mama Syokau alikuwa ameshajua kwamba msichana aliyeketi mbele yake anaitwa Nelima na anasafiri Doha Jumapili kufanya kazi. Behewa zima lilijua. "Mshahara wao wa riyali ukiuzidisha upate shilingi, mwaka mmoja tu nina ploti!" Nelima alisema.

Jamaa aliyekaa kando ya Nelima, aliyekuwa amerudi kutoka huko juzi, alitikisa kichwa. "Sikiza, siste. Ukiingia sokoni, usizidishe. Mimi nilizidisha kilo moja ya nyanya, nikaona hiyo ni bei ya kuku mzima huku Kawangware. Nikairudisha. Mwezi mzima nilikula mchele na chumvi, na pesa niko nayo!"

"Kwa hivyo mshahara nizidishe, nyanya nisizidishe? Hiyo ni hesabu ya wapi?"

"Ya kule!"

"Basi mimi nitazidisha zote!"

Watu wakaangua kicheko, treni ikasimama Kibera.

Mama Syokau hakucheka. Jana tu alikuwa ameuzidisha mshahara wa mwanawe aliye Doha, mpaka ukatosha mabati ya nyumba ya Kitui. Alishuka akijaribu kukumbuka kama amewahi kumuuliza anakula nini.