Delphia Gayheart na Mstari Aliotuachia Wazi

Ndugu, majirani na wanafunzi wa marehemu, karatasi mliyonayo mkononi ina mstari mtupu ukurasa wa tatu. Si kosa la mpiga chapa. Marehemu mwenyewe aliagiza uachwe, na mimi Orville, mdogo wake wa mwisho, nitawaeleza sababu tukifika hapo. Tafuteni kalamu mapema.

Delphia Ruth Stidham alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Laurel Fork, kaunti ya Tolliver, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa Bwana Harlan Stidham, mchimba makaa, na Bibi Oma. Mama alikuwa akisema mtoto huyo alitoka tumboni akiuliza saa. Sijui, sikuwepo. Ninachojua ni kwamba alipofika miaka kumi na miwili alikuwa akitupanga sisi wadogo zake mlangoni kila asubuhi, na ole wake atakayesababisha basi la shule lisubiri.

Alimaliza sekondari mwaka 1969, wa pili darasani. Alitaka uuguzi. Chuo cha karibu kilikuwa mwendo wa saa mbili, na baba hakuwa na gari la kumpa. Basi akakaa. Miaka mitano alipanga makopo kwenye duka la watu, na akili yote ile! Mwaka 1974 vyuo vya jamii na ufundi vikafungua kampasi kwetu, ndani ya lililokuwa ghala la chakula cha mifugo. Siku ya kwanza Delphia alifika mlangoni kabla ya mwenye ufunguo. Walikuwa wanafunzi kumi na mmoja. Walipohitimu, mama ndiye aliyembandika beji ya uuguzi kifuani, na kwa jinsi alivyokuwa akilia, akamchoma na pini. Dada alikuwa akilionyesha lile kovu kuliko cheti chenyewe.

Tarehe 5 Juni 1976 aliolewa na Emmitt Gayheart, mwalimu wa kuchomelea vyuma. Siku hiyo treni ya makaa ilisimama katikati ya barabara, bwana harusi akakwama upande wa pili. Alipoingia kanisani anahema, bibi harusi alimwambia mbele ya mchungaji, "Dakika ishirini na sita, Emmitt."

"Nisamehe, mpenzi. Hutanisubiri tena."

Na kweli hakumsubirisha tena, mpaka Mungu alipomwita mwaka 2011. Dada alisema hiyo ndiyo mara pekee Emmitt alifika mapema kupita kiasi.

Aliuguza wagonjwa kwa miaka saba, kisha akarudi palepale ghalani kufundisha, kuanzia 1983 hadi 2016. Kila mwanafunzi mpya alimuuliza swali moja kabla hata ya jina: "Umetumia dakika ngapi toka mlangoni kwako?" Jibu aliliandika kwenye daftari. Tulimcheka sana. Madaftari yakafika arobaini na mawili.

"Dada, haya makaratasi utayafanyia nini?"

"Wewe endesha basi lako la shule, Orville."

Mwaka 2021, akiwa na miaka sabini, aliteuliwa kwenye kamati ya kupanga miaka kumi na mitano ijayo ya vyuo vya jamii na ufundi katika jimbo lote. Alinipigia simu akipiga kelele kama msichana: "Wananiuliza kesho iweje! Mimi, wa kupanga makopo!" Alikuwa na mawazo tele. Alitaka karakana za magurudumu zinazowafuata watu walipo, madarasa ya asubuhi kwa watu wa zamu, na walezi wa watoto palepale chuoni. Furaha ilimnyima usingizi.

Ndipo washauri wa kukodiwa wakaja na ramani yao. Walikuwa wamechukua bikari na kuizungushia kila kampasi kubwa duara la maili thelathini, na kampasi ndogo yoyote iliyoangukia ndani ya duara ilipendekezwa kufungwa. Laurel Fork iliangukia ndani ya duara la Dunmore. Maili ishirini na mbili tu, ramani ilisema. Jamani, kwenye nchi tambarare ningekubali. Sisi tuna mlima mzima hapo katikati!

Delphia hakugombana na mtu. Alinipigia simu tena. "Basi lako lina viti vingapi?"

Tarehe 12 Oktoba 2022 niliibeba kamati nzima kutoka hapa kwenda Dunmore. Mwenyekiti wake, Bwana Whitfield Ames, amekaa pale safu ya tatu, na atanisamehe kwa nitakayosema. Tulikuwa hatujamaliza kona ya tisa alipouliza, "Dereva, hii ndiyo njia fupi?"

"Fupi ni ile ya kunguru, bwana. Kama una mabawa, nikushushe."

Dada alikuwa kiti cha mbele, saa mkononi. Tukakwama nyuma ya lori la magogo. "Dakika arobaini na tano!" akatangaza. "Darasa limeanza. Mwanafunzi wetu keshakosa somo la dawa. Na wewe, Bwana Ames, siku ukilazwa, omba usimpate yeye."

Tulifika kwa dakika themanini na saba. Bwana Ames alishuka akiwa na rangi ya kabichi, akasema atatafuta gari la kumrudisha kwa barabara kuu. Dada akamshika mkono. "Mwanafunzi naye hurudi kwao kwa njia hiihii, bwana. Panda."

Alipanda. Huko njiani dada alimwekea mapajani madaftari yote arobaini na mawili, na yule mzee akasoma mpaka tukafika. Kisha akatoa ile ramani, akaandika juu yake kwa mkono wake: "Tupime dakika, siyo maili." Haki ya Mungu, nilipiga honi!

Tangu hapo dada aliandika sura yake ya mpango: kwamba mtu yeyote wa jimbo hili asikae zaidi ya dakika arobaini na tano kutoka darasani, na kampasi yoyote isifungwe kinyume cha kipimo hicho. Sura hiyo ikipitishwa na bodi ya vyuo, Laurel Fork inapona. Ikianguka, milango inafungwa mwezi wa sita.

Desemba aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Aliugulia nyumbani, akihudumiwa na muuguzi Tamsin Noble, mwanafunzi wake wa zamani. "Mwalimu, weka hiyo kalamu upumzike," Tamsin alimsihi.

"Nitapumzika bodi ikishapiga kura."

Kura ilipangwa Alhamisi tarehe 20 Aprili 2023. Jumapili iliyotangulia aliniita nimwandikie wasifu huu. Nilikuwa nalia, naye ananisahihisha tarehe. Tulipofika kwenye kura akasema, "Hapo acha mstari. Mtajaza kwa kalamu. Na wakiifunga kampasi, andikeni hivyohivyo, msinipambe." Kesho yake, Jumatatu tarehe 17, saa nne na dakika kumi asubuhi, alifariki. Zilikuwa zimebaki siku tatu kura ipigwe. Niliumia, ndugu zangu, na sioni aibu kusema.

Ameacha binti wawili, Rhoda na Marlene, wajukuu wanne, sisi wadogo zake watatu, Alta, Virgil na mimi, pamoja na wauguzi mia sita na kumi na wawili, ambao wengi wao wamesimama hapa na beji vifuani.

Sasa, kalamu. Ukurasa wa tatu. Juzi nilikuwa ukumbini makao makuu, basi nimeliegesha mahali pasiporuhusiwa. Bwana Ames alisimama mbele ya bodi, akawasomea daftari la kwanza la dada, jina kwa jina, dakika kwa dakika. Kisha wakanyoosha mikono. Haya, andikeni wote, na mwenye machozi afute kwanza asiloweshe karatasi: kumi na moja kwa tatu. Laurel Fork inabaki!

Pigeni makofi, mchungaji ameruhusu.

Dada, toka mlangoni kwako mpaka hapa ni dakika tisa. Nimepima mwenyewe asubuhi hii. Kura imeshapigwa, sasa pumzika kwa amani kama ulivyoahidi. Umewahi.