Majora Kumi na Mawili ya Tunduma

Kwenye benchi la mbele yangu, ndani ya pantoni ya Kigamboni, mama mwenye duka la vitambaa Kariakoo alikuwa anambana kijana aliyemfungia akili mnemba ya kuhudumia wateja.

"Rogath, mteja wa Tunduma kaomba kuona kitambaa, mashine yako ikaagiza apelekewe majora kumi na mawili! Mteja wa mkoani unamkatia kipande kwanza, nani asiyejua?"

"Mama Thuraya, mashine haijakosea. Imefuata maelezo niliyoiandikia ya kifaa chake cha kutuma mzigo."

"Maelezo gani? Umeandika 'Hutuma kitambaa', basi! Hata kuli wa siku ya kwanza namwambia zaidi ya hapo. Nimeandika upya mwenyewe: hiki hutuma majora mazima, mteja akishathibitisha. Akitaka kuona tu, usikiguse, tumia kile cha kutuma kipande."

Kijana akashika kichwa. Sisi majirani tukajifanya tunaangalia maji.

"Marefu mno, mama. Kitaalamu tunaandika kwa kifupi. Nitayafuta."

"Thubutu! Duka langu, maneno yangu. Ukiyafuta, ondoka na mashine yako."

Pantoni ikagusa ng'ambo. Simu ya Rogath ikaita. Dereva wa bajaji alikuwa anamtafuta.

"Usisimame getini," Rogath akamfokea, "bajaji ni nyingi. Nisubiri kwenye duka la dawa, ila siyo lile la kwanza, lile lenye mlango wa bluu. Ukiona kituo cha mafuta ujue umepitiliza, rudi!"

Mama akatundika mkoba begani. "Si ungemwambia tu 'njoo'?"