Fundi Aliyevuta Kwanza: Maisha ya Mdogo Wangu

Marehemu mdogo wangu alizaliwa mwaka wa tisa tangu Mji wa Juu urushwe angani. Hapana, nijisahihishe, ulikuwa wa kumi, maana nilikuwa nimeng'oka meno ya mbele, na mama aliponionyesha mtoto nilisema, "Kumbe naye kibogoyo!" Alikuwa wa mwisho kati yetu watatu. Tulizaliwa Mtaa wa Chini, chumba cha pili kutoka kwenye ngazi, ambako hewa hufika kwa bomba tangu vumbi la vita vyetu na watu wa Juu lilipofunika nchi.

Shule alisoma miaka saba, akanizidi mimi mitatu. Mwalimu akifundisha, yeye anapima nyuso za wenzake kwa uzi. Siku moja alimwambia mjomba, "Mjomba, shavu lako la kushoto limelala." Mjomba akamjibu, "Liache, la kulia liko zamu." Tangu hapo tukamwita Kipimo.

Akiwa na miaka kumi na sita aliingia karakana ya barakoa za kupumulia. Kazi ile ina desturi yake. Fundi akimaliza barakoa huivaa yeye kwanza, akavuta pumzi tatu mbele ya mteja, ndipo amkabidhi. Bila hivyo haichukui mtu, awe mbeba mizigo au jemadari.

Mume alimpata hapohapo. Mchomeleaji mmoja alikuwa akirudisha barakoa kila mara, eti inavuja. Mwisho marehemu akamwambia, "Kaka, hii haivuji. Sema shida yako." Akaisema. Walioana mwaka wa thelathini na nne, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume.

Mwaka wa arobaini na moja hewa ya mtaa wetu ilikatika asubuhi, ikarudi jioni. Mtoto yule alikufa, na wengine wengi. Tuliambiwa aliyefunga ni Jemadari wa Juu. Baada ya mazishi marehemu akatoweka. Majirani wakasema kapata mwanamume. Shemeji aliendelea kuweka sahani mbili mezani.

Sasa niseme lile ambalo bwana wa ofisi ya vita, aliyeketi pale mbele, aliniomba nilipitie juujuu. Mdogo wangu alikuwa muuaji wa siri. Ofisi hiyo ilimfundisha, ikampandisha Juu kwa jina la mtu mwingine, akakaa miaka sita akitengeneza barakoa za askari wa adui huku akimngoja jemadari wao. Mambo ya bendera hayakumhusu. Alikwenda kwa ajili ya mtoto wake.

Jemadari alipokuja, sumu ilikuwa imeshapakwa ndani ya barakoa yake. Na desturi ni ileile, kwa hiyo marehemu aliivaa kwanza, akavuta. Haya alinisimulia mwenyewe mwaka jana, kifua kikiwa kimemwisha.

"Kaka, yule mzee alikuwa mpole. Namfunga mkanda, ananiuliza, mama, una watoto? Nikamwambia nilikuwa naye mmoja, alikufa hewa ilipokatika Mtaa wa Chini."

"Akasemaje?"

"Akasema, pole sana, mama. Ile hatukufunga sisi. Koki iko chini, kwenu."

"Ulimwamini?"

"Mkanda ulikuwa mkononi, kaka. Ningeweza kuufungua."

"Sasa?"

"Nikaukaza."

Jemadari alikufa wiki ileile, na vita havikuisha. Marehemu alirudi kwa mumewe, akaikuta sahani yake, akakohoa miaka kumi na tisa. Hospitalini walisema ni vumbi. Aliponieleza hayo alinituma ofisini nikaulize habari za koki, apate kujua kabla hajafa. Nilikwenda. Nikapewa kiti, nikapewa chai, nikaambiwa nije kesho. Kila nikirudi ananiuliza, "Wamesemaje?" Namwambia bado. "Hao nao! Watanijibu nikiwa udongo." Tunacheka, kisha yeye anageukia ukutani.

Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumanne, tarehe nne mwezi wa sita, mwaka wa sitini na sita, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Ameacha mume, dada yetu mkubwa, ambaye haoni vizuri lakini msijaribu kumsengenya, mimi kaka yake, wapwa wanne, na mafundi wa karakana waliokuwa wakimwita mama. Pumzika, mdogo wangu, hakuna tena pumzi ya kuvuta kwa ajili ya mtu.

Nishani mliyoleta leo tumeipokea, asanteni. Ila nilitumwa na marehemu, na mpaka karatasi hizi zinachapwa sijapata la kumpelekea. Kwa hiyo, bwana wa ofisi, nakuuliza tena, safari hii mbele ya watu: siku ile, koki ya hewa ya mtaa wetu ilifungwa kwa mkono wa nani?