Bi. Rehma Obeid na Mshale Uliogoma Kukaa Sifuri

Tarehe 30 Juni 1998, Bi. Rehma Obeid anatundika koti lake la kazi baada ya miaka ishirini na minne katika karakana yetu ya vipimo vya maji, hapa Kisumu.

Alianza kwa kutengeneza redio za mawasiliano. Wageni waliomkuta mlangoni walizoea kumwuliza fundi yuko wapi. Rehma aliwakaribisha chai, akawaambia fundi anakuja, kisha akatokea mlango wa nyuma amevaa koti. Wachache waliona haya. Wengi walicheka mpaka chai ikapoa.

Mwaka 1985 alifunga mtambo wa kupima kina cha mto kule Ahero. Mchana mmoja wa jua kali, mshale wa mtambo huo ukapanda hadi alama ya hatari. Watu wakabeba magodoro, mbuzi na magunia ya mpunga, wakahamia shule iliyo kwenye mwinuko. Mafuriko hayakuja. Mzee Oketch, kiongozi wa kijiji, akaapa kwamba mshale hautamhamisha tena.

Rehma hakutulia mpaka alipojua sababu. Ndani ya mtambo mlikuwa na op-amp, kidude kinachopokea volti mbili na kukuza tofauti iliyo kati yake. Ila tangu kiwandani pande zake mbili huwa zimepishana kidogo. Hata volti hizo zikiwa sawa, chenyewe huona tofauti ndogo, kisha huikuza. Rehma alikuwa amekirekebisha karakanani, penye ubaridi. Joto la Ahero likaharibu marekebisho hayo.

Akarudi, akamwomba Mzee Oketch akae karibu. Akaunganisha njia mbili za kuingizia volti kwa kipande cha waya, ili mtambo usipokee chochote kutoka mtoni. Mshale ukapanda vilevile.

"Kwa hivyo tulihamishwa na joto, si maji," Mzee akasema.

"Ndiyo, Baba. Na ni mimi ambaye sikulifikiria."

Akazungusha skrubu ndogo mpaka mshale ukatua kwenye sifuri, kisha akaujengea mtambo kibanda cha kivuli ili joto lisibadilike sana. Mzee alikuja kuuchungulia kila siku, wiki nzima.

Masika ya 1988 mshale ulipanda tena. Mzee Oketch ndiye aliyetangulia kufunga mizigo, akapita nyumba kwa nyumba akiwahimiza wengine. Maji yalifika madirishani, na ndani hamkuwa na mtu.

Sasa Bi. Rehma anahamia Maseno kwa bintiye Saumu, ambaye ametuarifu kwamba redio mbovu za mtaa mzima zinamsubiri. Mama Rehma, tunakushukuru sana. Nenda salama, na ukitaka kulala mchana, lala. Mikono yako imefanya ya kutosha.