Niliulizwa Kabila Mlango Ukiwa Wazi

Ndugu zangu, amahoro, amani kwenu nyote, na salamu za heri kwa wale tunaoswali pamoja. Nimejizoeza maneno haya mbele ya ukuta tangu asubuhi, na tayari nimeikosea sentensi ya kwanza, kwa hiyo mnivumilie tu.

Mnaonijua mnaijua tabia yangu. Barua yenye kosa moja naiandika upya yote. Shuleni sikufika mbali. Kifaransa nilijifunza peke yangu kwenye gereji ya mjomba, katika vitabu vya kutengeneza magari. Msicheke! Nilijua kusema "kichwa cha injini" kwa Kifaransa kabla sijajua kusema "samahani." Kompyuta nayo nilijifunza hivyo hivyo, kwa kuchungulia na kurudia. Ndiyo maana nilipofaulu mtihani wa kuingia ofisi moja ya serikali hapa mjini, kama karani wa muda, nyumbani kwetu Buterere mama alipika pilau siku isiyo ya sikukuu. Kilichobaki ni kuthibitishwa tu. Karani wa muda anaweza kuambiwa kesho asirudi.

Kisha ikaja habari kwamba wafanyakazi tutahesabiwa kwa kabila, ijulikane kama kila upande una sehemu yake. Nawaambia ukweli, sikuona ubaya. Wapo ambao baba zao hawakuota kukaa kwenye viti vile. Wapo wanaoogopa kwamba siku moja wataondolewa wote kwa pamoja. Hesabu ile inawapa usingizi hawa na hawa. Aliyekosa usingizi ni mimi, kwa sababu sikulijua jibu langu.

Ndiyo, sikulijua. Sisi ni Waislamu wa mjini. Kwetu tulisema Kiswahili, na jirani alijulikana kwa kazi yake na kwa msikiti anakoswali. Baba aliugua akafariki nikiwa mdogo. Neno kabila halikutamkwa nyumbani.

Ofisini hawakuamini. Mama mmoja wa meza ya jirani alinivuta wakati wa chai.

"Mwanangu, tumebaki wachache. Afazali we uko."

"Mama, mi sijui niko wa upande gani."

Akacheka, akanifinya mkono. "Unaficha vizuri. Endelea hivyo hivyo."

Mchana uleule kaka mmoja wa masjala, wa upande wa pili kabisa, akaniinamia: "Dada, hii nafasi ni yetu. Usituangushe." Nikamwambia nilivyomwambia yule mama. "Apana," akasema, "hiyo pua yako inasema yenyewe."

Nilirudi nyumbani nikaikagua pua yangu kwenye kioo mpaka mama akauliza kama nimetokwa na chunusi.

Siku ya kuhesabiwa, wageni waliotumwa kutuhesabu walikaa katika chumba cha chefu, mkubwa wetu, mlango wazi, sisi tumejipanga kwenye korido. Kila jibu lilisikika. Baada ya kila jibu mtu alikohoa. Zamu yangu ikafika.

"Kabila?"

"Mimi ni Mswahili."

"Mswahili si kabila, dada. Yako matatu tu: Muhutu, Mututsi, Mutwa."

"Basi sijui."

"Baba yako alikuwa nani?"

"Fundi wa magari."

Korido nzima ikacheka. Mtu akapaza sauti nyuma yangu, "Mpakani Gatumba si mbali, avuke arudi kwao Kongo!" Mgeni hakucheka. Alisema nirudi Jumatatu na jibu, la sivyo faili yangu ya kuthibitishwa itawekwa pembeni.

Jioni nilimkuta mama anachagua mchele.

"Mama, baba alikuwa kabila gani?"

"Baba yako alikuwa fundi."

"Mama, nitapoteza kazi."

Akainua sinia, akaingia ndani, akavuta pazia.

Jumatatu sikwenda. Wala siku zilizofuata. Nililala natunga jibu kichwani, nalifuta, nalitunga tena. Kudanganya niliweza: nichague upande wenye nafasi. Lakini mimi ninayeirudia barua nzima kwa kosa moja, ningewezaje kujiandika mwenyewe vibaya? Chakula kilinishinda. Mama alisimama mlangoni na sahani, akarudi nayo.

Hapo ndipo dada wawili wa kikundi chetu hiki cha kusaidiana walipokuja kunitafuta. Mvua ilikuwa imejaza njia, wakafika viatu mkononi. Hawakunihubiria. Mmoja aliosha vyombo. Mwingine alikaa na mama, akamwambia, "Mama, sisi hatuendi. Hata ukinyamaza, tutanyamaza pamoja." Wakanyamaza kweli, muda mrefu, hadi mama mwenyewe akaanza.

Miaka ya vita, nikiwa bado nabebwa mgongoni, baba alisimamishwa barabarani na vijana wenye mapanga. Walikuwa wanauliza watu mmoja mmoja: kabila? Mtu aliyekuwa mbele yake alijibu, na hakupita. Baba akasema, "Mimi Mswahili, fundi wa magari." Wakamtazama sana. Mmoja akasema, "Mwacheni, Waswahili hawamo." Alifika nyumbani akamwambia mama: "Huyu mutoto asijue kamwe. Wakimuuliza, uso wake usiwe na kitu cha kuficha."

"Nilimuahidi," mama akasema. "Leo wanakuuliza kwa upole, lakini mi nasikia sauti zile zile."

Ndugu zangu, nilitoka kitandani. Muda wote ule nilidhani kutojua kwangu ni kosa la kusahihishwa. Kumbe nilikuwa nimefunikwa, kama mtoto anavyofunikwa kwenye baridi. Nikamwambia, "Mama, niambie. Sasa jibu hilo nitalichunga mimi." Akaninong'oneza neno moja. Nilingoja kitu kibadilike ndani yangu. Nikasikia njaa tu.

Kesho yake nilirudi ofisini. Wageni walikuwa bado wapo, idara nyingine imejipanga kwenye korido.

"Umechelewa, dada."

"Nitajibu. Lakini naomba mlango ufungwe."

"Wenzako wote walijibu ukiwa wazi."

"Najua. Ndiyo maana naomba."

Mgeni aliitazama korido, akasimama, akafunga mwenyewe. Nikajibu. Aliyenifuata naye akaomba ufungwe. Na aliyemfuata.

"Ehe, mwanangu, tumeongezeka?" akauliza yule mama. "Dada, hukutuangusha?" akauliza yule kaka. Niliwapa jibu moja: "Nimehesabiwa." Yule mama wa ofisini alininunia siku kadhaa. Kaka bado anaitania pua yangu.

Sasa nimethibitishwa. Kama ni kwa mtihani wangu au kwa hesabu ile, sijui, na bado inanisumbua, sitawaficha. Lakini naenda kazini.

Nawashukuru wale dada wawili, hawataki niwataje. Namshukuru yule mgeni aliyesimama. Namshukuru mama, yuko pale nyuma amejifunika uso kwa mtandio, tafadhali msimgeukie. Tukihesabiwa, na tuhesabiwe, asibaki mtu nje. Ila anayeuliza akumbuke kwamba kuna nyumba ambazo swali hilo liliwahi kuulizwa kwa panga. Na wewe unayeulizwa, usijifungie peke yako. Mimi nilikaribia kupoteza kazi nikitafuta jibu lisilo na kosa, na mama chumba cha pili alikuwa anangoja mtu wa kukaa naye.