Sala Ndefu za Ofisini

Treni ya metro ya kwenda Shubra ina kelele, lakini masikio ya Bi Ihsan, mwalimu mstaafu, hayajawahi kushindwa na kelele. Mbele yake walisimama wasichana wawili, wapokeaji wa simu za wateja wenye hasira.

“Yule mshauri nasaha waliyetuletea, nani atamwendea?” aliuliza Demiana. “Mlango wake unatazamana na meza zetu zote. Ukiingia tu, ushaitwa kichaa.”

“Ulikuwa likizo, shoga yangu,” alijibu Nashwa. “Wamemhamishia chumba cha nyuma, unapitia chumba cha sala. Sasa wote tumekuwa wacha Mungu! Hata Shawqi, ambaye msikiti anaujua kwa nje, anasali adhuhuri nusu saa nzima. Akitoka, macho mekundu, lakini anapokea simu kama binadamu.”

“Na meneja?”

“Ndiye aliyetangulia kusali.”

Bi Ihsan akakohoa kuficha kicheko. Demiana hakucheka.

“Tangu yule mteja anitukanie marehemu mama,” alisema polepole, “simu ikilia hata nyumbani, natetemeka.” Akamsogelea Nashwa. “Adhuhuri mnaingia saa ngapi?”

Nashwa akautazama msalaba mdogo uliochanjwa kwenye kifundo cha mkono wa mwenzake.

“Wewe, Demiana? Watu watasemaje?”

“Nitawaambia nimekuja kukulindia viatu.”

“Nusu saa nzima?”

“Vikiwa viatu vizuri.”

Treni ikasimama, wakashuka wameshikana mikono. Kituo cha Bi Ihsan kilikuwa kimepita zamani.